Koti Jekundu Katika Msitu wa Radko

Jua bado halijagusa vilele vya milima ya Rodopi. Vela Chausheva amepiga magoti nyuma ya gari la mizigo, pini ziko mdomoni, na mkononi ana koti la sufu la kijani analolipiga brashi. Pasi ya mvuke ameiacha mjini. Kwa baridi hii, koti likipigwa mvuke linakakamaa kama ubao kabla hujamvisha mtu.

"Hakuna kushuka!" anawafokea walio ndani ya gari. "Nyayo zangu kwanza!"

Theluji ikishakanyagwa imekanyagwa, hakuna wa kuirudisha. Ndiyo maana Vela hutangulia peke yake kwenye kila msitu anaopangia picha. Hupita pembeni, akachagua njia moja tu, na wengine wote wanafuata wakikanyaga alipokanyaga yeye.

"Tunatembea kama bata," ananung'unika mpiga picha, Ognyan, begi la kamera likimpiga mgongoni.

"Bata hawaharibu theluji yangu. Wewe unaiharibu."

Leo mstari una mtu mmoja zaidi. Ni bibi wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, amebeba kiti chake cha kukunja na hataki kusaidiwa. Anaitwa Stoimenka. Majira ya baridi yaliyopita mwanawe, Radko, alifia humu humu msituni. Na aliyesababisha kifo hicho, bila kukusudia, ni Vela.

Wakiwa njiani kuja, kabla ya kumpitia Stoimenka kijijini, Vela alitamka jambo moja huku akitazama dirishani. "Leo yeye ndiye hakimu wangu. Akisema hapana, naiacha kazi hii. Siiachi hapa tu, naiacha popote."

Vela ana umri wa miaka arobaini na minne. Alizaliwa Bukata, kijiji kilicho chini ya msitu huu, akaondoka akiwa msichana kwenda mji wa Plovdiv kujifunza ushonaji. Alianza kwa kushona vifungo kwenye duka la fundi. Siku moja mpiga picha mmoja aliomba mtu wa kumshikia pini, na Vela hakurudi tena kwenye vifungo.

Leo yeye ndiye anayeamua nani avae nini, asimame wapi, na nyuma yake kuwe na nini. Wengi wanaiona kazi ya anasa. Tazama vidole vyake basi! Vimepasuka kwa baridi, na usiku huvipaka mafuta ya kondoo na kuvifunga. Siku ya kazi kama leo humwingizia malipo ya leva mia tatu, lakini kiangazi hupita miezi asiitwe hata mara moja.

"Dada yangu ananiambia nachezea nguo," anasema. "Namwambia njoo ucheze na wewe, uone."

Kazi ya picha za baridi huanza mapema, majani yanapoanguka. Vela huzunguka msituni na mfuko wa vipande vya vitambaa vya makoti yenyewe, akivifunga kwenye mashina. Halafu hurudi nyuma na kutazama gome lipi linaimeza rangi na lipi linaipa uhai. Mti unaomfaa huuachia kitambaa chake, ili theluji ikishafunika kila kitu aweze kuuona kwa mbali.

Mwaka jana alipata mti aliokuwa akiuota. Ulikuwa mzee, gome la kijivu, na chini una mvungu unaomtosha mtu kusimama ndani. Aliliona tayari koti jekundu ndani ya ule mvungu, weupe mtupu pande zote. Akafunga kitambaa chekundu, akaenda zake akiimba.

Lakini huko Bukata, rangi nyekundu ina kazi nyingine. Rangi ya kupaka haishiki kwenye magome yaliyolowa, kwa hiyo walinzi wa msitu huu, toka enzi za mababu, huufunga kitambaa chekundu mti ulioruhusiwa kukatwa kuni. Hata mtoto anayejifunza kuongea analijua hilo.

"Na mimi nililijua," Vela anasema. "Baba yangu alikata kuni humu. Nilijua, nikasahau. Ukikaa sana mjini, nyekundu inakuwa rangi tu."

Radko alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, na aliwakatia kuni wazee wasio na watoto karibu. Siku chache kabla ya Krismasi alikiona kitambaa. Hakuwa na sababu ya kuuliza. Mti ule ulikuwa umeoza ndani. Msumeno haujafika nusu, shina likapasuka kwa kishindo, likarudi nyuma na kumwangukia. Mwenzake aliposikia msumeno unaunguruma bila kukata, alikimbia, lakini akakuta yamekwisha.

Lawama zote zilimwangukia mlinzi wa msitu. Alisimamishwa kazi, watu wakaacha kumsalimia, mkewe akawa ananunua mkate kijiji cha pili. Yeye alikuwa akiapa kwamba mti ule hakuugusa, lakini nani angemwamini?

Vela alizipata habari kwa simu, binamu yake Dafina akimsimulia mambo ya nyumbani. Alipotaja mti wenye mvungu na kitambaa chekundu, Vela akajua kitambaa kile ni chake. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Asubuhi yake alipanda basi, akaenda moja kwa moja polisi.

"Nilisema kitambaa ni changu. Wakaandika, wakaniambia nenda. Hakuna sheria inayokataza kufunga kitambaa." Anatikisa kichwa. "Nenda! Niende wapi?"

Alienda kwa Stoimenka. Alisimama mlangoni, akaeleza yote bila kujitetea. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho.

"Hakunipiga. Jamani, ningeshukuru angenipiga! Aliufunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Vela hajaribu kujifanya anaujua. Karibu mwaka mzima hakukanyaga Bukata. Mwezi uliopita kiwanda cha makoti kilipomwita tena alikataa, kikaita mara ya pili, akakataa. Theluji ya kupigia picha mwaka huu haipo kwingine, na kiwanda kilimwambia wazi kwamba kitamtafuta mtu mwingine. Ndipo aliporudi kwenye mlango ule ule kuomba ruhusa.

Safari hii Stoimenka alijibu. "Nenda kafanye. Lakini na mimi nakuja. Nataka nione hiyo kazi ni kazi gani."

Basi sasa Stoimenka ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, anaiangalia kazi.

Msichana wa kuvaa makoti ni Bilyana, mwembamba, mcheshi, midomo imeanza kugeuka rangi. Vela amembana koti mgongoni kwa pini ili mbele likae sawa, amemvisha buti kubwa zinazobeba soksi mbili nene, na chini ya miguu amemtandikia kipande cha mbao na kukifunika theluji.

"Dada Vela, pua yangu imekufa."

"Haijafa. Ingekuwa imekufa isingechuruzika."

Bilyana anacheka, na Ognyan anapiga picha wakati huo huo wa kicheko. Kila anaposhusha kamera, Vela anakimbia na blanketi, anamfunika, anamnywesha chai, anampangusa kope zilizoshika barafu, kisha anarudi nyuma akikanyaga nyayo zake mwenyewe.

"Huyo mtoto hana sweta?" Sauti inatoka kwenye kiti. Ni neno la kwanza la Stoimenka tangu asubuhi.

"Ana fulana mbili za sufu ndani, shangazi," Vela anajibu, akimwita kwa heshima ya kijijini.

"Na kichwa?"

"Kichwa lazima kiwe wazi. Ndiyo picha yenyewe."

"Ndiyo picha yenyewe," Stoimenka anarudia polepole.

Koti la kijani limepita, la kahawia limepita, la kijivu nalo. Vela anajishughulisha na kuokota pini ambazo hazijaanguka. Ognyan anamtazama, anamtazama bibi, anashusha sauti. "Vela, bado moja."

"Najua."

"Kiwanda kinaliuza hilo kuliko yote."

"Ognyan, nimesema najua!"

Koti jekundu limo garini kwenye mfuko wake, zipu juu mpaka chini. Vela amelipakia mwenyewe, na halijatoka.

"Litoe," anasema Stoimenka.

Hakuna anayejongea.

"Nimesema litoe. Mimi nimekuja kuona hilo."

Vela anakwenda garini na kurudi nalo, amelibeba mikononi kama unavyombeba mtu aliyelala. Anasimama mbele ya kiti. Stoimenka anavua glavu, anashika pindo kwa vidole viwili na kulisugua, kama wafanyavyo wanawake wa Bukata waliosokota sufu maisha yao yote.

"Kitambaa kilikuwa cha hili?"

"Ndiyo, shangazi. Cha hili hili."

"Sufu nzuri," anasema, na kuliachia.

Bilyana analivaa bila utani wowote. Anasimama kati ya mashina mawili ya kawaida, yasiyo na mvungu wala kitambaa. Mwaka huu Vela hakufunga kitu mahali popote. Aliichora miti kwenye karatasi, akampelekea mlinzi, ambaye amerudishwa kazini, akaikagua mmoja mmoja. Ognyan anapiga picha chache tu na kusema inatosha.

Stoimenka anainuka. "Nionyesheni."

Ognyan anamletea kamera. Bibi anaisogeza machoni, anaitazama picha muda mrefu. Msichana, koti jekundu, theluji. Ni picha nzuri mno, na kila mmoja pale anatamani isingekuwa nzuri.

"Ni hii tu?" anauliza.

"Ni hii tu, shangazi," Vela anajibu.

Bibi anamrudishia Ognyan kamera yake, anageuka kando na kupiga ishara ya msalaba.

Vela anaanza kufungasha. Anachomoa pini kwenye koti jekundu, anaziacha zianguke kwenye theluji na haziokoti. Machoni pake hukumu imeshatolewa. Bilyana anataka kumshika bega, Ognyan anamzuia.

Stoimenka amekunja kiti chake, amekitia kwapani, na ameshaanza kushuka akifuata nyayo. Kisha anasimama. Hageuki.

"Jumamosi tunachemsha ngano ya kumkumbuka Radko, anatimiza mwaka," anasema. "Watakuja watu wengi. Sufuria langu ni dogo."

Vela anamfuata hatua mbili. "Nije na langu?" anauliza.

"Mimi nimesema langu ni dogo." Anaendelea kushuka kwa miguu kuelekea kijijini.

Garini, Vela anampigia simu Dafina. Anataka sufuria kubwa la kuazima, lile la harusi.

"La kupikia nini?" Dafina anauliza, sauti ikisikika gari zima.

"Ngano."

"Ngano ya nani?"

"Ya Radko."

"Vela, usijipeleke kule. Watakufukuza mbele za watu."

"Ameniita mwenyewe."

"Nani?"

"Mama yake, Dafina. Mama yake mwenyewe ameniita." Na hapo, kwa mara ya kwanza siku nzima, Vela anaangua kilio, cha sauti, hadi Ognyan anaegesha gari pembeni.

Kuhusu kazi, bado hana jibu. Stoimenka hakumwambia aendelee, wala hakumwambia aache, na Vela hataki kujiamulia. Mpango wake unaishia Jumamosi. Atafika mapema, atawasha moto uani, atachambua ngano pamoja na mama aliyemzaa Radko na wanawake waliosaidia kumlea.

"Akinipa mwiko, nitakoroga," anasema, akijifuta uso kwa blanketi la Bilyana. "Asiponipa, nitaosha vyombo. Ila mlangoni pale, safari hii, nataka niingie."