Jicho Kwenye Kinu cha Simsim

Sikwenda Mombasa kutembea. Nilikwenda kutafuta sababu ya kusema hapana. Saumu, binti wa marehemu dada yangu niliyemlea tangu akitambaa, anaolewa na kijana wa Mji wa Kale, na upande wa bwana harusi ukaleta habari kwamba siku ya kupamba ifanyike Mbaraki, katika kinu cha zamani cha mafuta ya simsim. Siku hizi kinu hicho ni makumbusho, na jioni hukodishwa kwa sherehe. Kila walivyonisifia ukumbi huo kwa simu, ndivyo nilivyozidi kuutilia shaka. Chema chajiuza. Lakini Saumu alikuwa ameshaona picha, akaniambia, "Mama mdogo, hapo ndipo nitakapo." Katika miaka yote niliyomlea hakuwahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Basi singeweza kukataa hivi hivi. Nilihitaji kosa.

Niliondoka Msambweni asubuhi mapema, na njia nzima nikawaza jambo moja. Kupamba ni sherehe ya wanawake watupu. Buibui huvuliwa mlangoni, simu huachwa, na bi harusi hukaa jukwaani nywele wazi. Mwanamume akichungulia mara moja tu, maneno hayaishi mpaka bi harusi huyo aoze watoto wake mwenyewe. Je, jengo lililojengwa kwa ajili ya magunia lingejua kusitiri watu?

Kwenye feri ya Likoni kijana mmoja alitaka kunisaidia kubeba mkoba. Nikaukumbatia kwa mikono miwili hadi ng'ambo.

Ndia Kuu, huko Mji wa Kale, nilipokewa na Bi Rukia, mamake bwana harusi, ghorofani kwake. Tuliamkiana kwa urefu: hali, nyumbani, wazee, hadi majirani tusiowajua. Lakini hakuinuka kitini.

"Jimiminie kahawa, dadangu," akasema. "Nyumba ni yako. Goti hili lanitesa."

Goti la kiburi, nikasema moyoni. Mgeni wa kwanza wa harusi anajimiminia mwenyewe? Mahamri yalikuwa mbele yangu, yamefura, yananukia iliki. Sikuyagusa. Nilihofia kwamba nikishayala nitaona haya kukataa ukumbi.

Mbaraki tulifika kwa tuktuk, tukipishana na malori. Kinu kimebanwa kati ya maghala, kuta zake nene za mawe ya matumbawe, mlango mpana wa kupitisha mnyama. Mwangalizi, Bwana Athumani, alitupokea akiwa na shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, jambo ambalo nalo sikulipenda. Ndani kuna ubaridi mzuri, lazima nikiri. Sakafu imekuwa nyeusi kwa mafuta ya zamani, na ukisimama karibu na kinu chenyewe, gogo kubwa lililochimbwa mfano wa kinu cha jikoni, harufu ya simsim bado ipo. Mti mrefu umetoka kwenye mchi wake. Hapo ndipo ngamia alipofungwa azunguke mchana kutwa.

Kwenye kabati la kioo palikuwa na vikapu viwili vidogo vya ukindu. "Ngamia alifunikwa macho kwa hivi," Bwana Athumani akaeleza. "Asipate kizunguzungu. Alidhani anakwenda mbele."

"Na wageni wenu je, mnawafunika nini?" nikamuuliza.

Akacheka. Sikukiamini kicheko chake, kwa sababu nilikuwa nimeshaona nilichokuja kukitafuta. Juu kabisa, chini ya paa, ukuta una safu ya matundu ya kutolea joto.

"Hayo yako juu mno, mama," akasema. "Hakuna awezaye kuyafikia."

Mwenye macho haambiwi tazama. Tulipoingia nilikuwa nimeona ghala la jirani lina ngazi ya chuma kwa nje, inapanda sambamba na ukuta huo. Nikamwambia Bi Rukia naenda kununua maji. "Nenda, mimi nitapumzika," akajibu upesi mno, nikaona anafurahi kuniondoa.

Kule ghalani, mnyapara wa wachukuzi alinisikiliza akanionea huruma, nadhani, akaniruhusu kupanda. Nilipanda na buibui langu nimelikusanya mkononi, wachukuzi wakigeuza nyuso kwa adabu. Kufika juu, nikatia jicho kwenye tundu.

Nilimwona Bi Rukia. Alikuwa amemtoa Bwana Athumani nje na kufunga mlango, naye anapanda ngazi ya mbao kwenda kwenye dari yalipowekwa zamani madebe ya mafuta. Alipanda kwa mguu mmoja, ule mwingine akiuvuta nyuma yake, na kila baada ya hatua alisimama akashika goti. Alipofika juu alivua buibui lake na kuanza kulitandaza kwenye matundu, moja baada ya jingine, akipima kama kitambaa kitatosha. Niliona aibu iliyonishika hadi masikioni. Kisha akafikia tundu langu, akaniona.

Nilishuka mbio, nikalizunguka ghala lote kurudi mlangoni. Nilipoingia ukumbini, Bi Rukia alikuwa amekwisha kuteremka, kuvaa na kumwita Bwana Athumani ndani.

"Hapa hapafai, Athumani. Pale juu pana mtu achungulia, nimeyaona mato yake. Simleti mwana wa watu hapa." Akanigeukia. "Nisamehe, dadangu. Tutatafuta pengine."

Kosa nililolitafuta tangu Msambweni nilikuwa nimewekewa mkononi, na ningeweza kunyamaza tu. Nikaikumbuka sauti ya Saumu.

"Macho yale ni yangu," nikasema.

Bi Rukia akanisogelea. "Ulipanda kuniangalia mimi?"

"Kuangalia matundu. Na wewe pia. Nilikutilia shaka."

"Mimi nami nalikutilia," akasema taratibu. "Hata hamri moja hukula. Nikasema, huyu yuwatafuta ila ya kutukataa." Kisha akamgeukia mwangalizi. "Athumani, vile vikapu vya ngamia havikodishwi? Siku hiyo huyu dadangu tumvishe."

Tulicheka mpaka akalazimika kukalia sakafu ile nyeusi. Bwana Athumani akaahidi kuziba matundu kwa mbao. Sikumwamini, nikamwambia nitakuja kuhakikisha, na Bi Rukia akasema tutakuja sote.

Tulirudi kwanza Ndia Kuu. Safari hii nilimimina kahawa mimi, nikamwekea stuli ya kunyooshea mguu, na mahamri nikayala.

Magharibi ilinikuta Msambweni. Saumu alikuwa akiningoja mlangoni.

"Umeuonaje?"

"Unafaa."

Akanikazia macho, akinipima vile vile nilivyomfundisha kupima watu. "Mama mdogo, wamekulisha nini kule?"

"Mahamri," nikasema. "Na siku hiyo, ukimwona mama mkwe wako amesimama, shuka jukwaani umpe kiti. Najua bi harusi hashuki. Wewe shuka."