Msusi na Mlezi wa Mwanawe

Dada yangu ni msusi. Ana mkono mwepesi, na wateja humsubiri mlangoni kabla saluni haijafunguliwa. Mwenye saluni hataki watoto ndani, eti wanachezea vitana. Basi shule zilipofungwa, dada akawa anamfungia binti yake chumbani na ufunguo wa pili anampa jirani. Siku moja jirani akatoka. Mtoto wa miaka sita akaona naye achemshe chai kama mtu mzima, akaungua mkono.

Aliungua kweli, sikatai. Lakini watu wa ustawi wa jamii walimtoa wodini wakampeleka moja kwa moja makao ya watoto, na tangu hapo wanatuzungusha tu. Walimwambia dada apange vyumba viwili ndipo arudishiwe mtoto. Akaongeza saa za kazi, akapanga. Wakaja kukagua, wakasema vyumba ni sawa, ila mama hashindi nyumbani. Mimi mjomba mtu nikajitolea kukaa na mpwa wangu. Afisa akanitazama juu mpaka chini, akasema kapera hafai. Nilitamani kuipindua ile meza yake. Dada akanikanyaga mguu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni natengeneza mashine ya kukaushia nywele. Mama mmoja akaja kusukwa na dada. Ni mlezi wa zamu ya usiku kule makao, ndiye anayemwogesha na kumlaza mpwa wangu. Mtu mwema, kusema kweli.

"Hajambo kabisa," alimwambia dada. "Anakula vizuri. Ila halali mpaka nimkune mgongo."

"Nilimdekeza mwenyewe," dada akasema, huku anasuka.

Nywele zikiwa zimefika nusu, simu ya mlezi ikalia. Akapokea kwa sauti ya chini, lakini saluni yenyewe ndogo.

"Usiguse jiko, mwanangu. Mlango nimeufunga kwa nje, hakuna atakayeingia. Nakuja."

Vidole vya dada vikasimama. "Yuko na nani?"

"Peke yake." Mlezi hakugeuka. "Hata usiku nikiwa zamu. Sasa nitafanyaje, dada yangu? Nikiacha kazi tutakula nini?"

Nilimvuta dada mpaka uani.

"Twende ustawi sasa hivi. Wamekunyang'anya mtoto kwa kumfungia ndani, wamempa mwenzako anayemfungia wa kwake ili aje kumlea wa kwako. Tuwaambie, waone aibu."

"Wakishaona aibu?"

"Wamchukulie hatua na huyu."

"Wamnyang'anye mtoto, wamfukuze na kazi," dada akasema. "Halafu leo mwanangu atalazwa na nani?"

Dada akarudi ndani, akasuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona, ili mama yule awahi kumfungulia mwanawe.