Droni Yangu na Mwenye Studio

Niliuza mtamba wangu ili ninunue droni. Mtamba huyo alikuwa akifugwa na mama nyumbani kwetu, nje kidogo ya Awendo. Nilipomweleza mama kwamba nanunua mashine ya kupiga picha kutoka juu, aliniuliza huko juu kuna nini cha kupigwa picha. Nilimwambia siku hizi hakuna harusi isiyotaka picha za juu, na kwamba asiye na droni atabaki kupiga picha za pasipoti hadi macho yaishiwe nguvu. Mama akafungua zizi, akamfungulia mchuuzi kamba, akaingia ndani bila kuniaga.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kwenye studio moja mjini Migori. Mwenye studio ndiye aliyenifundisha kushika kamera, sitamnyima hilo. Alikuwa mtu wa suti na viatu vinavyong'aa, na kila mtu alimwita jaduong', mzee wa heshima, hata waliomzidi umri. Mimi nilimbebea mataa na vigoda, nikapiga picha ambazo zilitundikwa dirishani kwa jina lake. Nilipomwambia kwamba naondoka kujitegemea, hakukasirika. Alifuta lenzi aliyokuwa ameshika, akasema, "Sawa, kijana. Mji huu unatutosha wote." Nikamwamini.

Hakuna aliyenifundisha kurusha. Nilisoma kijitabu kilichokuja na droni, nikatazama video kwenye simu, kisha nikaipeleka kwenye uwanja ulio karibu na mashamba ya miwa. Iliruka vizuri sana. Niliona kwenye skrini paa za mabati, barabara ya vumbi, malori ya miwa yakiwa madogo kama viatu vya mtoto, na shamba letu lote kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikasahau kwamba chombo kinachoruka lazima kirudi. Betri ilipolia nilikuwa sijui hata kimegeukia wapi. Kilishuka chenyewe katikati ya miwa, na nikakitafuta mchana kutwa, majani yakinikata mikono na uso. Nilipokipata kilikuwa kizima, mimi ndiye niliyekuwa nimechanika.

Nilijifunza hivyo, kwa kuumia. Kule Kehancha niliajiriwa kupiga picha za sherehe ya mzee mmoja mfugaji. Ng'ombe wake waliposikia ule mlio, kama nyuki elfu ndani ya debe, walivunja ua na kukimbilia shamba la tumbaku la jirani. Vijana waliwafukuza mpaka jioni, na mimi nikala chakula cha sherehe nikiwa nimesimama kando, hakuna aliyenikaribisha kukaa. Mahali pengine mwewe aliivamia droni akidhani ni ndege mwenzake aliyeingia eneo lake. Watu walikuwa na mashaka pia. Mama mmoja aliyekuwa akioga nyuma ya nyumba yake alinitumia wanawe wawili waniulize nilichokuwa nikitafuta. Niliwaonyesha picha zote mpaka waliporidhika. Tangu siku hiyo sirushi kabla ya kupita nyumba kwa nyumba nikitoa taarifa.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba sikuwa na leseni. Nilijua inahitajika. Karibu kila mtu niliyemfahamu alirusha bila leseni, nami nikasema nitaitafuta nikishapata kazi za kutosha. Mwenye studio alilijua hilo kwa sababu nilimwambia mwenyewe, siku tuliyokutana kwenye duka la kuchapishia picha. Aliniuliza kwa upole kama mzazi, "Na makaratasi je?" Nikamjibu kwa upole pia kwamba bado.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa harusi Homa Bay. Familia ya bibi harusi ilikuwa imenikodi kwa picha zote, za chini na za juu. Mwenye studio alikuwapo kama mgeni mwalikwa. Nilishangaa kuona amekuja na begi lake la kamera, lakini nikadhani ni mazoea. Wanandoa walikuwa wametoka tu kanisani, droni iko juu yao, wanawake wanapiga vigelegele, nikaona pikapu ya polisi ikiingia langoni.

Maafisa hawakuwa wakali. Mmoja aliniambia nishushe chombo, akaomba leseni, nikasema sina. Wageni walikuwa wametuzunguka. Baba wa bibi harusi alikuja mbio, na aliposikia kwamba ninavunja sheria kwenye harusi ya binti yake, alinitazama kama mwizi wa kuku. "Toka hapa," alisema. "Nenda na hao waliokufuata." Nilipandishwa nyuma ya pikapu pamoja na droni yangu. Tulipokuwa tukigeuza gari, nilimwona mwenye studio ameshafungua begi. Alikuwa amepiga goti mbele ya bibi harusi, anamnyooshea shela, anamwambia ainue kidevu kidogo.

Njiani afisa mmoja, kijana wa umri wangu, alinionea huruma. "Unamjua yule mzee wa suti?" aliniuliza. "Yeye ndiye aliyepiga simu. Alisema kuna mtu anarusha ndege juu ya watoto."

Nilishika ukingo wa pikapu na kuhesabu makosa yangu mwenyewe, lakini kila nilipoanza, niliishia kwa yule mtu aliyepiga goti.

Droni ilikaa kituoni muda mrefu. Niliporudishiwa, mkono wake mmoja ulikuwa umepasuka na kamera ilitikisika kama kichwa cha mlevi. Wakati huo mwenye studio alikuwa tayari amenunua yake, kubwa kuliko yangu, na tangazo lilitundikwa mlangoni: picha za angani, harusi, mazishi, mashamba. Wateja niliokuwa nimezungumza nao walikwenda kwake mmoja mmoja. Walinipigia simu kunieleza kwa adabu. Walisema mzee huyo hana matatizo na serikali.

Hakuwa na leseni pia. Nilimjua fundi aliyemwekea mitambo, akaniambia mzee alisema makaratasi ni ya watoto. Mke wangu aliniuliza kwa nini nisiende polisi kama alivyofanya yeye.

"Polisi watakunywa chai naye," nikamwambia.

"Basi mwache."

"Siwezi."

Mke wangu ni mtu wa dini kweli kweli, lakini hakunihubiria. Alisema tu, "Ukishika hasira kwa muda mrefu, angalia isije ikakushika wewe." Nilimsikia. Niliishika tu.

Nilikwenda Nairobi, nikalala kwa binamu, nikasoma. Nilifundishwa mambo ambayo kijitabu hakikusema: usiruke juu ya umati, usikipoteze chombo machoni, pima upepo kabla ya kupima picha. Nilifanya mtihani, nikaupita, nikapewa leseni. Niliporudi, nilirekebisha ule mkono, nikaenda kufanya mazoezi Muhuru Bay, mahali ambapo wanawake hutandaza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu ufukweni. Mwanzoni walinifukuza. Kisha wakaona ndege wanaoiba omena wanaikimbia droni, wakaanza kunipigia mayowe ya kunikaribisha. Niliwafukuzia ndege, nao wakaniacha nirushe mpaka betri ziishe.

Ni pale nilipoujua upepo wa ziwa. Asubuhi hutoka nchi kavu kuelekea majini. Mchana hugeuka. Asubuhi droni ikienda ziwani huenda kama imetumwa, unaiona ina nguvu, unafurahi. Ukiigeuza ndipo unapojua kilichokuwa kikiisukuma. Dawa yake ni kushuka chini, karibu na maji, kwa maana huko upepo hupungua. Ukipanda juu umejimaliza. Mara mbili nilikaribia kuipoteza. Nilijifunza hayo kwa miguu yangu, nikiwa nimeingia majini hadi magotini kuipokea.

Siku niliyoisubiri ilikuja bila mimi kuipanga. Kulikuwa na harusi tena Homa Bay. Upande wa bwana harusi walikuwa wanatoka kisiwani, wakaamua kuja kwa boti zilizopambwa, waimbaji ndani, wapokelewe ufukweni asubuhi. Wao walimkodi mwenye studio kwa picha za juu. Upande wa bibi harusi walinikodi mimi kwa picha za chini. Nilikwenda na droni yangu ndani ya begi pia. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepita kituo cha polisi nikaonyesha leseni, nikaeleza nitakuwa wapi, endapo nitahitajika.

Mwenye studio alinisalimia kwa mkono mbele ya watu. "Kijana wangu huyu," aliwaambia. "Mimi ndiye niliyemfundisha." Nikacheka kama inavyostahili.

Boti zilipoonekana mbali, vitone vya rangi, kaka wa bwana harusi alimwambia arushe. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka milimani nyuma ya mji. Niliusikia masikioni, niliuona kwenye nguo za wanawake, zote zikielekea ziwani. Angeniuliza, au angeangalia leso moja tu ya mama mmoja, angejua. Alirusha. Droni yake ilikwenda kwa kasi nzuri ajabu, akawaonyesha wazee skrini, wote wakasogea. Alizipita boti, akazunguka, akaenda mbele zaidi kutafuta picha ya kisiwa kwa nyuma.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona namba ya betri kwenye skrini na nilijua kabla yake.

Akaigeuza. Ikasimama kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Akaongeza nguvu, ikasogea kidogo. Akafanya kile nilichojua atafanya, akaipandisha juu. Ikaanza kurudi nyumanyuma.

"Kwa nini haiji?" alisema kwa sauti ya chini, si kwa mtu yeyote. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kola. Akageuka, akanitafuta kwa macho, akanikuta karibu kuliko alivyodhani.

"Kijana, shika. Shika hii, irudishe."

Alininyooshea rimoti. Ningeweza. Nasema kweli, betri iliyobaki ilitosha, kama ningeishusha mara moja mpaka karibu na mawimbi, ningeifikisha, na kama isingefika ufukweni ingefika kwenye boti. Mikono yangu ilikuwa mitupu, kamera inaning'inia shingoni.

"Siwezi kurusha chombo kisicho na makaratasi, jaduong'," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyenifundisha sheria."

Hakuna mwingine aliyeelewa. Yeye alielewa. Alinitazama, akaurudisha mkono uliokuwa umeninyooshea rimoti. Kisha skrini ikawa nyeusi. Mbali sana, kando ya boti, maji yaliruka kidogo, na waimbaji waliendelea kuimba kwa sababu hawakuona kitu.

Kaka wa bwana harusi aliuliza, "Iko wapi?"

"Imezama," akasema mwenye studio.

"Na picha?"

Mwenye studio aliendelea kuibonyeza rimoti. Yule kaka akanigeukia. "Wewe unayo?"

Nilikuwa nimeshafungua begi. Nilisubiri boti zikaribie, nikairusha chini chini, maji yakitimka chini yake, nikazipokea boti zile moja baada ya nyingine mpaka pua zao zikagusa mchanga. Sijawahi kupiga picha nzuri kama zile. Nilikuwa nikitabasamu muda wote, na si kwa ajili ya maharusi. Mwenye studio alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, suti yake imekunjamana magotini, ameishika rimoti kwa mikono miwili. Niliipitisha droni juu yake nikiirudisha, ingawa haikuwa lazima ipite hapo.

Baada ya siku hiyo wateja walianza kurudi. Lile tangazo mlangoni kwake liliondolewa. Muda ulipita, naye akaja kwenye duka dogo la picha nililokuwa nimefungua, akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza kuhusu familia, kuhusu mama, kuhusu mvua. Mwishowe akasema anafikiria kununua nyingine, je, ninaweza kumwelekeza kidogo mambo ya upepo.

"Wanafundisha Nairobi, mzee," nilimwambia. "Wanafundisha vizuri sana."

Akainuka, akashukuru. Mke wangu aliyekuwa akikata picha nyuma ya pazia alitoka akanitazama. "Umeridhika?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akarudi kukata picha.

Mwaka huu tulikutana kwenye mazishi ya jirani, Awendo. Mwenye studio alikuwa amekaa na wazee, amechakaa kidogo, viatu vyake bado vinang'aa. Watu walipoanza kutawanyika, mawingu yalikuwa yamekusanyika. Mama, ambaye anajua habari yote tangu mwanzo, alinijia na kuniambia, "Mpeleke jaduong' kwake. Atalowa."

"Boda boda ziko nyingi, mama."

"Nimekwambia wewe."

Nikamleta mpaka kwenye pikipiki yangu, akapanda nyuma, akaniwekea mkono begani. Kwao ni kijijini, si mbali na kwetu, kwenye barabara ambayo malori ya miwa yameichimba vibaya. Alikohoa mara moja moja, akanishika zaidi. Barabara ile naifahamu tangu utoto, najua kila shimo liko wapi na pa kulikwepea. Sikukwepa hata moja.