Mguu wa Kushoto wa Pikipiki

Kila Kipkurui, mkaguzi wa majani chai, aliposhika breki mteremkoni, pikipiki ya kampuni yake ya chai iliinamisha pua na usukani ukamvuta mtaroni. Asubuhi hiyo aliponea chupuchupu, akaisukuma hadi kwa fundi Kinuthia pale Kiptere.

Kinuthia alipapasa mguu wa mbele wa kushoto, bomba linaloshika gurudumu, kidole kikatoka kimelowa mafuta.

“Sili, mpira wa kuzuia mafuta, imekufa, bwana mkaguzi. Mafuta ya ndani yamemwagika, ndiyo maana mguu huu unazama ukishika breki. Nifungue?”

“Ukifungua, nafutwa. Mashine hufunguliwa kwenye karakana ya kampuni Kericho tu, na huko wananiambia ningoje tangu mvua ianze.”

“Basi nenda kwa miguu.”

“Nichelewe kuyakagua majani, yaharibike? Akina mama wakulima watanichuna mimi kama chai, majani mawili na kichipukizi!”

Walicheka, kisha Kipkurui akaiwasha pikipiki vilevile, akaondoka. Kampuni ilimkataza kurekebisha kitu kilichotaka kumuua, na bado ilimtaka awahi. Juu ya mteremko wa mwisho aliwaona wakulima chini wakimngoja, vikapu vimejaa. Alizima injini, akashuka, akaanza kuiteremsha pikipiki kwa mikono, huku uzito wake ukimburuta matopeni.