Kiputo Kwenye Bureti

Mwalimu Ruthu alijulikana kwa mambo mawili: sauti isiyohitaji kipaza, na ubishi. Alitoka Kibakwe, kwa wakulima wa milimani, akafundisha kemia serikalini miaka kumi na moja. Shule binafsi zilipoanza kuchipua Dodoma, Mzee Filipo alifungua yake kwenye njia ya Msalato, akaiita ya kimataifa, akamchukua. Watoto walifanya mtihani wa Uingereza, na mwaka 1998 matokeo ya kwanza yakaleta A tisa za kemia. Mzee Filipo akazibandika getini kwa wino mwekundu.

Maabara hawakuwa nayo. Mtihani ule uliruhusu shule kuchagua karatasi ya michoro badala ya vitendo. Mwanafunzi anaoneshwa picha ya bureti, lile bomba jembamba la kupimia tindikali, anasoma namba na kuandika jibu. Ruthu aliwanoa kwa michoro hiyo mpaka wakaikariri. Zile A alijivunia, tusimfiche.

Kisha Anitha, mmoja wa wale tisa, akaja likizo kutoka chuo cha ufundi wa maabara, Dar es Salaam.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Chuo kinasemaje?"

Anitha akaangua kilio. Kila alipopima, majibu yake yalikosea. Mkufunzi akainua bureti yake mbele ya darasa zima, akawaonesha kiputo cha hewa kilichonasa kwenye ncha na kuharibu kipimo, halafu akamuuliza ile A aliiokota wapi.

"Kwenye michoro yetu hakuna kiputo, mwalimu."

 Hasira zilimpanda Ruthu, za kwanza juu yake mwenyewe.

Wiki ile fomu ya kuandikisha watahiniwa ilifika. Ilikuwa na visanduku viwili, vitendo na michoro. Ruthu ndiye aliyekuwa akiijaza. Akaweka alama kwenye vitendo, akaipeleka posta kwa mguu wake, ndipo akaingia ofisini kwa Mzee Filipo kumwarifu.

"Umetumwa na nani?" Mzee akafoka.

"Na Anitha."

"Na maabara iko wapi?"

"Utanipa ile stoo ya jikoni."

Mzee akamkazia macho. "A zikipungua, Mwalimu, unaondoka."

"Zikipungua niondoke. Lakini funguo za stoo nazitaka leo."

Akapewa. Bureti sita aliziazima kwenye shule yake ya zamani, mbili zikavunjwa siku ya kwanza. Watoto wa wakubwa, ambao nyumbani hawakuwahi kuosha hata kikombe, walisuuza vyombo mpaka vidole vikakunjamana. Tabu, binti wa karani wa Bunge, ndiye aliyeteseka zaidi. Kila alipodhani amemaliza, ile sauti ya Kibakwe ilipasua stoo: "Kiputo! Rudia!"

Matokeo yakarudi. A mbili, B saba.

"Tulikubaliana," alisema Mzee Filipo, bila kumtazama.

"Tulikubaliana. Basi na hizi B uzibandike getini."

Hakuzibandika. Ruthu akachukua koti lake jeupe, akaenda kufundisha tuisheni barazani kwake. Majirani walimpa pole, naye akawajibu kwamba pole wampe Filipo. Lakini alipokuwa peke yake iliuma, iliuma sana, maana hakujua kama vile vidole vilivyokunjamana vilifaa kitu.

Jumamosi moja Tabu akatokea, anahema. Kiwanda kimoja cha mvinyo kilitafuta msaidizi wa maabara. Waliitwa watatu, na wenzake wawili, waliotoka shule nyingine, walikuwa na A za mtihani uleule. Kila mmoja alipewa bureti na maji ya zabibu, apime ukali wa tindikali yake.

"Wenzangu wakaanza kupima hapohapo. Mimi nikaangalia ncha kwanza, mwalimu. Kilikuwemo. Nikafungulia, nikakitoa, nikaanza."

"Wakasemaje?"

"Naanza kazi Jumatatu."

"Ulirudia mara ngapi?"

"Sikurudia."

Ruthu alicheka mpaka kuku wakatawanyika uani. Halafu akaingia ndani, akatoka na chaki nyekundu, na kwenye geti lake la mabati, upande wa barabarani, akaandika kwa herufi kubwa: TABU, KEMIA, B.