Majina Matatu ya Binti wa Dorca

Binti wa Dorca alipewa majina matatu kabla hajatimiza miaka sita, na hakuna hata moja aliloliitikia. Mimi, Nekoye, nilikuwa jirani yao pale Nyalenda, ukuta wa udongo tu kati yetu, kwa hiyo kuku aliyechinjwa kwa kila jina nilimla.

La kwanza lilikuwa Lornah, la ubatizo. Mtoto alipofika miaka mitatu bila kutamka neno wala kumtazama mtu usoni, mama mkwe wa Dorca, Mama Seline, alipanda basi kutoka Usenge akaja kutuambia kwamba kuna marehemu wa ukoo amekasirika kwa kusahauliwa. Sisi Wabukusu pia tunawapa watoto majina ya waliotangulia, kwa hiyo sikucheka. Wakamwita Nyagaya. Mtoto aliendelea kupitisha kidole kwenye mikunjo ya mabati ya ukuta wa mbele, mgongo katugeuzia.

Majirani walisema ni kiziwi. Upuuzi mtupu. Debe likianguka kule bombani, mtoto aliziba masikio na kulia mpaka sauti ikakauka. Kiziwi gani huyo? Lakini mtaani kwetu watu walikuwa wepesi wa kusema na wazito wa kumchotea mwenzao maji. Dorca alienda bombani alfajiri, kabla ya foleni, ili asilazimike kumpeleka binti yake kwenye makelele. Miaka miwili nilimwona akifanya hivyo na sikumsikia akilalamika. Mimi ningelalamika, tena kwa sauti.

Pasaka ya mwaka 1971 Mama Seline alikuja na neno la mwisho. Angempa mtoto jina la tatu, Aloo, la nyanya yake mwenyewe. Likikataa, angeondoka naye kwenda Usenge kwa mzee mmoja anayejua mambo hayo, na siku ya kurudi haikutajwa. Joram, baba mtoto, alikuwa mpakiaji mizigo gatini, mwanamume wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, lakini mbele ya mama yake aliangalia sakafu. Dorca alinyonyoa kuku huku machozi yakimtoka. Nilimhurumia, na yule Joram nilitamani kumzaba kofi.

Tulipokwisha kula, Mama Seline akajiweka sawa kwenye kiti.

"Aloo," akaita. "Aloo, nyathina, kuja kwa dani yako." Kwa lugha yao, nyathina ni mtoto wangu, na dani ni nyanya.

Akaita mara tatu. Mtoto alikuwa kwenye mabati yake, kidole kinapanda na kushuka.

"Basi," Mama Seline akasema. "Funga nguo yake."

Dorca hakwenda kufunga nguo. Alichukua mwiko akagonga sufuria tupu mara kadhaa, jinsi alivyozoea kumwita kwa uji kila jioni. Mtoto akaacha mabati, akaja.

"Hiyo ni ya kuita kuku," Mama Seline alisema. "Kuku inakuja juu ya mahindi, si juu ya mtu."

Mtoto akachungulia ndani ya sufuria. Hamkuwa na uji. Nilijikaza kungoja kilio, maana nilikuwa nakijua vizuri kupitia ule ukuta. Badala yake alikaa chini taratibu, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa mama yake, akatulia hapo.

"Mama," Dorca akasema, "hii mtoto hajui jina ya mtu. Lakini mimi ananijua. Ukimpeleka Usenge, nani atamgongea?"

Joram aliinua uso. "Mama, mtoto anabaki," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini sote tuliisikia.

Mama Seline alimtazama mjukuu wake. Nilidhani atasimama aondoke na hasira zake, na nilikuwa tayari kumfungulia mlango. Kumbe alikuwa analia, pole pole, bila kujifuta. Kisha akanyoosha mkono.

"Leta hiyo mwiko," akamwambia Dorca. "Unagonga mara ngapi?"