Kijiti cha Memsabu

Wacha niungame mapema: mimi ndiye niliyemaliza kijiti cha Memsabu, na nilikimaliza kwa uso wangu. Mpaka leo, nikinusa mafuta ya waridi kwa duka la Mhindi, mashavu yananiwasha.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alifanya kazi ya nyumba kwa shamba moja la ngano la Wazungu, Bwana na Memsabu, upande wa Chepkoilel, na siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kunywa chai. Mezani kwa Memsabu kulikuwa na vitu viwili vya rangi ya ngozi yake: kopo pana la krimu, na kijiti kifupi kama chaki inayoisha, kinachonukia waridi. Nikachagua kijiti. Nikajipaka kuanzia paji mpaka kidevu, masikio nikayaacha, kisha nikaingia jikoni nimeshika kiuno.

"Mpishi, chai yangu iko wapi?"

Mzee Wafula, mpishi, alicheka mpaka akakalia kuni. "Bwana mdogo, leo umefanana na kiazi kilichomenywa nusu."

Memsabu akatokea mlangoni, nywele zimefunika shavu moja. Nikangoja kofi. Akaangalia uso wangu, akashika shavu lake, akamwuliza mama polepole, "Hii iko ingine?"

"Hapana iko, Memsabu."

Mama akajaribu kumpaka shavuni krimu ya lile kopo. Lakini krimu ile ilikuwa nyepesi, ya kulainisha rangi ya uso mzima. Kijiti ndicho kilikuwa kizito, cha kugusa doa moja tu mpaka lipotee. Alama nne zikabaki zinaonekana chini ya krimu, kama zambarau ndani ya maziwa. Nje, gari la wageni likapiga honi. Memsabu akajifungia chumbani, na Bwana akawaambia wageni kwamba mkewe ana malaria.

Mzee Wafula alituambia watoto kwamba Memsabu huwa anajigonga mlangoni, nami nikaamini, nikaogopa milango ya Wazungu mwaka mzima. Ni juzi tu, nimeshaota ndevu tatu, ndipo nikafahamu kwamba mlango hauna vidole.

Jioni ile, mle mle jikoni kwa Memsabu, nilimpelekea mama fimbo mwenyewe, maana kwetu aliyejileta alipunguziwa viboko. Mama akaichukua, akaitupa kwa moto, akasema:

"Nenda unawe uso. Leo sikupigi. Kwa hii nyumba ashapigwa mtu tayari."